Kuchanga, kuchangia, kuchangisha: sarufi ya kanuni za hisani katika vyama vya wanafunzi wa Marekani

Katika somo la unyambuaji wa vitenzi tumezoea mifano miwili mitatu tu: -pika, -pikia, -pikisha, -soma, -somea, -somesha. Ni mifano mizuri, haina ubishi, na pengine ndiyo sababu inasahaulika mara mtihani unapokwisha. Katika makala hii napendekeza mzizi mwingine, -chang-, nami nausoma ndani ya matini ambazo kwa kawaida hazifiki katika kitivo chetu: kanuni zinazotungwa na vyuo vya Marekani, na na vyama vya wanafunzi vya huko, kwa ajili ya sherehe za kuchangisha fedha za hisani.

Nilizifikia matini hizo kwa sababu ya shida ya nyumbani. Tangu nilipoingia mwaka wa kwanza, kisanduku cha michango kimepita mara nyingi katika promosyo yetu: kilio cha mzazi wa mwenzetu, upasuaji, nyumba iliyoungua. Kila mara watu wanatoa. Kila mara pia, wiki moja baadaye, maneno yanaanza chini kwa chini: zilikuwa ngapi, nani alizishika, usafiri wa wajumbe ulilipwa na nini? Mara moja maneno hayo yalifika hadi kwa familia ya marehemu, nayo ikakataa kupokea bahasha. Baada ya hapo promosyo iliamua kuwa na kanuni zilizoandikwa, kwa Kiswahili, na kazi ya kuandika rasimu nikapewa mimi. Nilitaka kuona kwanza watu waliozoea kuandika mambo hayo wameyaandika vipi. Wamarekani wameandika sana. Wana kanuni ya kila kitu, hadi ya chapati.

Vyama vyenyewe

Vyama ninavyovizungumzia vinajulikana kwa herufi za Kigiriki. Cha kwanza, Phi Beta Kappa, kilianzishwa tarehe 5 Desemba 1776 katika chuo cha William & Mary, Virginia, na baadaye kikawa chama cha heshima cha wanafunzi bora. Vyama vya kijamii, vyenye nyumba, viapo na wanachama wapya wanaojaribiwa, vilienea katika karne ya 19. Wanafunzi Weusi, waliofungiwa milango ya vyama hivyo, wakaanzisha vya kwao: Alpha Phi Alpha katika chuo kikuu cha Cornell mwaka 1906, Alpha Kappa Alpha ya wanawake katika chuo kikuu cha Howard mwaka 1908, kisha vingine. Tangu 1930 wana baraza lao, ambalo leo lina vyama tisa.

Kiingereza hutenga vya wanaume na vya wanawake kwa maneno mawili ya asili ya Kilatini. Moja limebeba "kaka" ndani yake, la pili limebeba "dada". Lakini vyama vya kwanza vya wanawake vilijiita vya "kaka" vilevile, kwa kuwa neno la pili halikuwapo. Lilipendekezwa na profesa wa Kilatini kwa ajili ya Gamma Phi Beta, chama kilichoanzishwa Syracuse mwaka 1874. Kiswahili hakikuhitaji profesa. Ndugu ni ndugu, awe wa kike au wa kiume, na undugu ni mmoja. Nitasema basi "vyama vya undugu" kwa vyote, na pale tofauti inapohitajika nitaitaja.

Neno la pili linalomsumbua mfasiri ni "philanthropy". Katika lugha ya kawaida ni nomino ya dhana: upendo wa watu, ukarimu uliopangwa. Ndani ya vyama hivi limegeuka kuwa kitu kinachohesabika. Jumamosi kutakuwa na moja. Muhula huu tumefanya tatu. Ya kwetu ni hospitali fulani. Linaweza kuitaja sherehe, tena linaweza kulitaja shirika linalopokea fedha. Delta Delta Delta, kwa mfano, huichangia tangu 1999 hospitali ya watoto ya St. Jude iliyoko Memphis. Delta Gamma imejifunga na huduma za macho tangu 1936. Kiswahili hakikubali mchezo huo. Uhisani uko katika ngeli ya U- na hauna wingi. Hatusemi "uhisani tatu". Inatubidi tuchague kila mara: je, hapa ni tamasha la hisani, au ni shirika linalochangiwa? Nilipokuwa nikisoma kanuni hizo niligundua kwamba vifungu kadhaa huwa wazi zaidi vikishafasiriwa, kwa sababu tu ngeli imelazimisha swali liulizwe.

Kuna mpaka mwingine, ambao vyama hivyo huuchora wazi: fedha ni kitu kimoja, kazi ya mikono ni kitu kingine. Ripoti ya mwaka huhesabu dola katika safu moja na saa za kujitolea katika safu nyingine. Mfano ninaoupenda ni wa Alpha Kappa Alpha, ambayo kuanzia kiangazi cha 1935 ilipeleka wauguzi, madaktari na walimu Mississippi kuwachanja watoto na kuwatibu wakulima Weusi maskini. Hapo hakuna kisanduku kilichopita. Watu walikwenda wenyewe. Kwetu neno la karibu lingekuwa salongo, ingawa salongo ya enzi ya Mobutu haikuwa ya kujitolea hata kidogo.

Mzizi na matawi yake

Tuje sasa kwenye kitenzi. Kuchanga ni kutoa sehemu yako ili, pamoja na sehemu za wengine, ipatikane jumla. Tazama kwamba maana yenyewe inadai wingi. Mtu akisema "nimechanga", msikilizaji anawangojea wengine waliochanga naye. Ukiongeza kiambishi cha kutendea, -changia, anaingia mtu au jambo linalopokea: tunamchangia Yaya, tunachangia upasuaji. Ukiongeza cha kusababisha, -changisha, anaingia mtu wa tatu, yule anayewafanya wengine watoe. Huyu anaweza asitoe hata faranga moja. Ukiviunganisha viwili, -changishia, unapata sentensi nzima katika neno moja: "chama kinawachangishia watoto wagonjwa", yaani chama kinawafanya watu watoe kwa ajili ya watoto.

Hapo pana jambo la kisarufi ambalo kila mwanafunzi wa kitivo hiki anapaswa kuliona. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya kiambishi cha mtendwa. Katika "kinawachangisha", wa- ni wale wanaotoa. Katika "kinawachangishia", wa- ni wale wanaopokea, na wanaotoa wametoweka katika kitenzi. Ukitaka kuwaona wote wawili kwa pamoja, inakubidi uweke nomino nje ya kitenzi: kinawachangishia watoto fedha kutoka kwa wapita njia. Sarufi haimkatazi mtu kusema yote. Inamwachia tu nafasi ya kunyamaza kuhusu upande mmoja.

Kiingereza kina kitenzi "fundraise", kisichosema nani anatoa wala nani anapokea. Tusiwacheke lakini. Hapa mjini wengi wetu tunasema "tukotize juu ya kilio", kwa kitenzi tulichokitoa katika Kifaransa, na kitenzi hicho hakipokei viambishi vyetu kirahisi. Aliyetoa, aliyezunguka na kisanduku na aliyeweka fedha nyumbani kwake usiku mmoja, wote "wamekotize". Sidai kwamba ugomvi wetu ulitokana na mofolojia. Nadai tu kwamba nilipoanza kuandika rasimu kwa viambishi kamili, watu watatu waliokuwa wamefichwa ndani ya neno moja walijitokeza: mchangiaji, mchangishaji, mchangiwa.

Mapato ni nini?

Kanuni za Marekani humlenga hasa mchangishaji, na kuna sababu ya kisheria. Chama cha undugu chenyewe, kwa kawaida, si shirika la hisani. Sheria ya kodi ya huko inakiweka chini ya ibara ya 501(c)(7), pamoja na klabu za starehe. Mashirika ya hisani yako chini ya 501(c)(3). Anayemtolea wa pili anaweza kuombea punguzo la kodi. Anayekitolea chama chenyewe hawezi. Kwa hiyo chama kinachouza tikiti mlangoni kinasimama kama mjumbe: fedha zinapita mkononi mwake bila kuwa zake. Vyama vingi vya kitaifa vimeunda mfuko wa hisani ulio kando, wenye hadhi ya 501(c)(3), ili njia hiyo inyooke.

Hapo ndipo neno "mapato" linapogeuka kuwa uwanja wa vita. Chukua mfano wangu wa kubuni. Chama kinauza tikiti 400 za kifungua kinywa, kila moja dola 5. Zinaingia dola 2,000. Unga, sukari, gesi na ukumbi vimegharimu dola 700. Bango likisema "mapato yote yataenda hospitalini", hospitali inadai 2,000, na chama kitafute 700 mahali pengine. Likisema "faida yote", hospitali inapata 1,300. Likisema "sehemu ya mapato", dola 10 zinatosha kulifanya bango lisiwe la uongo. Mnunuzi aliyesimama mlangoni na noti yake ya dola 5 hasikii tofauti kati ya matangazo hayo matatu. Yote yanasikika kama ukarimu. Ndiyo maana kanuni nzuri hudai kwamba bango litaje jina la anayechangiwa na litaje sehemu itakayomfikia, tena kabla ya tikiti ya kwanza kuuzwa.

Kwa bahati nasibu sheria ni kali zaidi, kwa kuwa huhesabiwa kuwa aina ya kamari. Mambo matatu yakikutana, yaani zawadi, bahati, na malipo ya kuingia, tayari ni kamari, hata kama anayefaidika ni yatima. Utah na Hawaii zinakataza kamari ya aina yoyote. California inaruhusu bahati nasibu ya hisani, lakini inadai angalau asilimia 90 ya mapato ghafi iende kwenye hisani. "Ghafi" ni neno moja tu, lakini likiondolewa, chama kinaweza kutoa kwanza gharama zote na kupeleka asilimia 90 ya kilichosalia.

Kuna pia swali kama mnunuzi wa tikiti amechanga au amenunua. Kwa mamlaka ya kodi ya Marekani, tikiti ya bahati nasibu haihesabiki kuwa mchango: umelipia nafasi ya kushinda. Chakula cha jioni cha dola 100 chenye thamani ya dola 40 ni ununuzi wa 40 na mchango wa 60, na shirika la hisani linalopokea zaidi ya dola 75 kwa namna hiyo linatakiwa kumwandikia mtoaji tofauti hiyo. Ni uchambuzi wa maana, na wanaoufanya ni wahasibu.

Juu ya viarifa vya amri nitasema kidogo tu. Kiingereza cha kanuni hizo hupenda "may not", inayoweza kumaanisha kwamba jambo halina ruhusa, au kwamba huenda halitatokea. Muktadha huokoa, lakini si kila mara. Kiswahili kina "hairuhusiwi", "ni marufuku", "huenda isi-", na hakuna anayezichanganya. Udhaifu wetu uko kwingine: tunaandika "inafaa mweka hazina atoe ripoti" tukidhani tumeamuru. Hatujaamuru kitu. Tumempa mweka hazina ushauri, naye ataupokea kama ushauri.

Mwili wa mchangishaji

Mtu angedhani kanuni za fedha ni za fedha tu. Lakini kurasa nyingi nilizozisoma zinahusu miili. Tamasha la hisani huuza kitu, na mara nyingi kitu hicho ni tabu ya mwanafunzi: atakimbia, atacheza, atakula kupita kiasi, atamwagiwa maji, na watu watalipa kumtazama akivumilia.

Tamasha kubwa kuliko yote ni lile la chuo kikuu cha Penn State, liitwalo THON. Lilianzishwa na baraza la vyama vya undugu mwaka 1973, na leo linawajumuisha wanafunzi wa vyama vya kila aina. Kila Februari wachezaji wanasimama saa 46. Hawalali, hawakai. Fedha zinakwenda kwa Four Diamonds, mfuko uliobuniwa mwaka 1972 na wazazi waliofiwa na mtoto wao kwa saratani, unaolipia matibabu ya watoto katika hospitali ya Hershey. THON inauchangia tangu 1977, na jumla imepita dola milioni 200. Mtoto anayetibiwa huko, familia yake hailetewi hesabu ya matibabu. Mbele ya tarakimu kama hizo ni vigumu kuwa na neno, nami sina. Naliangalia tu jinsi kanuni zinavyoutunza mwili ule unaosimama.

Kwa miaka mingi wanafunzi wa chuo hicho walipanda magari mwisho wa juma, wakaenda miji ya mbali, wakasimama njia panda na mbele ya maduka wakiwa na makopo ya kuombea. Desturi ilipata jina kutokana na kopo lenyewe. Kopo lilileta fedha nyingi. Barabara ilileta ajali. Mwaka 2015 mwanafunzi mmoja alikufa katika ajali ya gari akiwa katika safari ya namna hiyo, na hakuwa wa kwanza. Chuo kikatangaza mwaka uliofuata kwamba makopo yataondolewa hatua kwa hatua. Kanuni iliandikwa baada ya kaburi, na hivyo ndivyo kanuni nyingi za sura hii zilivyoandikwa.

Nilisema wana kanuni ya chapati. Mwaka 2017, katika jimbo la Connecticut, mwanafunzi wa kike mwenye miaka 20 alikabwa na chapati za maji katika shindano la kula lililoandaliwa na vyama vya undugu kwa ajili ya hisani, akafa siku chache baadaye. Ukikuta leo katika kanuni za chama kifungu kinachokataza mashindano ya kula, kikiwa kimeandikwa kwa maneno manane makavu bila sababu yoyote, usikicheke.

Pombe nitaipita haraka, kwa kuwa kila mtu anajua habari yake. Shirikisho la vyama vya wanaume lilipiga kura mwaka 2018 kuondoa kinywaji chenye zaidi ya asilimia 15 ya kileo katika nyumba na sherehe zote kufikia tarehe 1 Septemba 2019, isipokuwa pale kinapouzwa na mfanyabiashara mwenye leseni. Kwa matamasha ya hisani kanuni nyingi ni fupi zaidi: hakuna pombe.

Mnada

Sehemu hii ndiyo iliyonizuia nisilale, na sidhani msomaji wa Kiswahili anaweza kuipita kama alivyopita chapati.

Kwa muda mrefu katika karne ya 20, vyuo na shule za Marekani zilikuwa na njia moja nyepesi ya kupata fedha za hisani: kupiga mnada watu. Mwanachama mpya anapanda jukwaani, watazamaji wanapandisha bei, na mshindi anapata saa kadhaa za kazi yake: atafua nguo, ataosha gari, atabeba vitabu. Matangazo yaliuita waziwazi mnada wa watumwa. Ulikuwa mzaha, walisema. Mwaka 1988 huko Madison, Wisconsin, chama kimoja kilifanya mnada wenye jina hilo, na wanachama wapya walijipaka uso rangi nyeusi wakaigiza wasanii Weusi. Ghadhabu iliyofuata ilikuwa mojawapo ya sababu zilizofanya mfumo wa vyuo vikuu vya Wisconsin utunge mwaka 1989 kanuni ya kukataza matamshi ya kibaguzi; mahakama ya shirikisho iliifuta mwaka 1991 kwa ajili ya uhuru wa kusema.

Kwa hiyo watunga kanuni walijikuta na swali la kiisimu hasa. Je, wakataze neno au wakataze tendo? Waliokataza neno walipata minada iliyobadilishwa jina: mnada wa miadi, kukodi mwanachama. Jukwaa lilikuwa lilelile na nyundo ileile. Kanuni nyingi za leo zimeacha kukimbizana na majina, zinataja tendo: ni marufuku kupiga mnada mtu, au muda wake, au kuandamana naye, hata kwa hisani, hata kwa ridhaa yake. Chama kinachotaka mnada kiuze vikapu, picha, tikiti za mpira. Nadhani hilo ndilo jibu sahihi, na naliona kuwa bora kuliko kanuni ya Wisconsin, iliyohangaika na kinywa wakati jukwaa limesimama.

Sasa tazama neno letu. Mtumwa: m-tum-w-a, yule anayetumwa. Limetengenezwa kwa kitenzi cha kawaida kabisa, -tuma, na kiambishi cha kutendwa ambacho mtoto wa miaka mitatu anakijua. Kwa kitenzi hichohicho, kwa irabu ya mwisho tofauti, lugha imetoa mtume. Umbali kati ya mtu aliyeuzwa Nyangwe na mtu aliyetumwa na Mungu ni viambishi viwili. Lugha haikupata neno hilo vitabuni. Kiswahili kiliingia mashariki ya nchi yetu kwa njia ya misafara, kupitia Nyangwe na Kasongo, na misafara hiyo ilibeba pembe za ndovu, na watu. Tunazungumza lugha iliyotembea pamoja na minyororo, na bado neno limebaki wazi kiasi kwamba yeyote anaweza kulifungua na kuona kitenzi ndani yake. Mwanafunzi wa Marekani aliyecheka jukwaani mwaka 1988 alikuwa na neno lililofungwa, lisiloonyesha kitu ndani. Sisemi kwamba neno lililo wazi lingemzuia. Nasema nilipojaribu kufasiri tangazo la mnada ule kwa Kiswahili, kwa ajili ya makala hii, mzaha haukufasirika.

Rasimu

Baada ya kusoma yote hayo nilirudi kwenye viambishi nikahesabu. Katika kanuni nilizonazo, mchangishaji ni kiima cha karibu kila kitenzi: asajili tamasha wiki kadhaa mbele, aombe idhini ya shirika kabla ya kutumia jina lake, asipokee fedha kwa akaunti yake binafsi, awasilishe stakabadhi. Mchangiaji huonekana mara chache. Mchangiwa karibu hasemi kitu. Anatajwa kwa jina la hospitali au la ugonjwa. Kwao linaeleweka, kwa sababu anayechangiwa yuko mbali na shirika linasimama kati yao. Kwetu mchangiwa anakaa benchi la tatu. Kesho utamkuta kantini. Anajua nani alitoa na nani alijifanya anatafuta chenji. Kanuni inayomsahau itamfedhehesha hata kama kila faranga imefika.

Kwa hiyo nimechukua vya kuchukuliwa na kuviacha vingine. Kutoka Marekani nimechukua kwamba tangazo litaje "fedha zote" au litaje kiasi kitakachotolewa gharama, na usafiri wa wajumbe uhesabiwe hapo, kwa kuwa ndio uliotugombanisha. Nimechukua pia katazo la akaunti binafsi, ambalo kwetu maana yake ni laini ya M-Pesa au Airtel Money ya mkuu wa promosyo: fedha zipokewe kwa namba iliyofunguliwa kwa kazi hiyo, yenye watu wawili wanaoijua, mmoja wao asiwe wa kamati. Nimechukua kwamba hesabu isomwe ndani ya siku saba. Nimeacha usajili, kwa sababu kilio hakisubiri wiki tatu.

Cha kwetu wenyewe ni kifungu cha tatu: mchangiwa aulizwe kwanza kama anataka kuchangiwa, na aulizwe na mtu mmoja, faraghani, si mbele ya darasa. Nimeandika pia kwamba fedha "akabidhiwe" wala si "apewe". Mwalimu mmoja aliyeisoma rasimu aliniuliza sababu. Kupewa kunaweza kufanyika gizani. Kukabidhiwa, kwa desturi ya lugha, kunadai mkono unaotoa, mkono unaopokea na jicho la mtu mwingine, na ndivyo kifungu kinavyoendelea kusema: mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa promosyo na mmoja wa familia.

Kifungu cha nne bado kinabishaniwa. Wenzangu wengine wanataka orodha ya waliotoa isomwe pamoja na kiasi cha kila mmoja, kama inavyofanywa katika vilio vya mtaani. Wengine wanasema aliyetoa faranga 500 atajificha, na mara ya pili hatatoa kabisa. Mimi nimeandika "jumla isomwe, majina yasisomwe". Kamati imenirudishia na alama ya kuuliza pembeni. Tutapiga kura wiki ya kwanza baada ya mitihani, na nakala za rasimu ziko kwa mkuu wa promosyo kwa yeyote anayetaka kuzisoma kabla ya siku hiyo.